Anza na kingo: jedwali la hesabu kwa masikio na vidole

Ndugu mwenyekiti, makatibu na watunza hazina wa vikundi vya soko la mwaloni, mama zangu wachuuzi wa dagaa, wazee wangu wote, shikamooni. Vijana msioona na wenye uoni hafifu, mliovuka maji kutoka Ukerewe na mliopanda magari kutoka Misungwi na Magu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze jinsi mtu asiyeona anavyofanya kazi ya hesabu kwenye kompyuta. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Natunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa hapa Mwanza, mizigo inayoshuka Mwaloni Kirumba ikitoka visiwani, na yote naifanya kwa kibodi na hedifoni, kipanya sikigusi. Lakini leo nitasema na wenye macho pia, kwa sababu nusu ya shughuli hii haiko mikononi mwangu. Iko kwa yule aliyelipanga jedwali kabla halijanifikia.

Mwenye macho akifungua faili la Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu, hupata sura yake yote kwa mtazamo mmoja. Kabla hajasoma namba hata moja ameshajua kuna safu sita, juu kuna vichwa, chini kuna jumla, na pembeni mtu ameandika maelezo yake. Mimi nikifungua faili hilohilo nasikia jina la laha, yaani ukurasa wa jedwali, na kilichomo katika seli moja, kisanduku kimoja cha jedwali. Labda nasikia "Jumla, F40". Basi. Seli nyingine zote ziko kimya mpaka nizifuate zilipo. Kisomaskrini, yaani ile programu inayogeuza maandishi ya kompyuta kuwa sauti, hunisomea pale niliposimama: kwanza kilichoandikwa, halafu anwani yake, yaani herufi ya safu na namba ya mstari. 48,000, D12. Nikishuka hatua moja, 51,500, D13.

Wengi wanaoanza hufundishwa kutembea kwa mishale, seli baada ya seli, kuanzia A1. Mimi naona huo ni mwanzo mbaya. Mtu atasikia namba mia mbili bila kujua jedwali lina umbo gani, na akifika ya mia mbili, ya kumi ameshaisahau. Asiyeona akiingia chumba kigeni huanza na ukuta. Anaufuata kwa mkono hadi ajue mlango uko wapi na chumba kimeishia wapi, ndipo atafute kiti. Jedwali nalo liingieni hivyohivyo. Namba zitawangoja.

Shika Ctrl ubonyeze End. Excel itakupeleka kwenye seli ya mwisho iliyotumika. Ukisikia H215, umeshajua kazi yako haipiti safu ya nane wala mstari wa 215. Ukisikia seli ya mbali isiyo na kitu, pengine AZ3000, jua kuna mtu alipaka rangi au kuchora mistari mpaka huko bila kuandika neno, maana Excel huhesabu hata mapambo. Hapo usiiamini End. Pima kwa njia nyingine nitakayoitaja sasa hivi.

Ctrl na Home inakurudisha mwanzo, na hapa kuna jambo ambalo wakufunzi wengi hulipita. Kama aliyetengeneza faili amegandisha vichwa vya juu ili visipotee machoni pake anaposhuka, Ctrl na Home haikupeleki A1. Inakuweka kwenye seli ya kwanza iliyo nje ya sehemu iliyogandishwa. Ukisikia B4, kompyuta haijakosea. Imekupa habari nzuri sana: juu yako kuna mistari mitatu na kushoto kwako kuna safu moja ambazo mwenyewe aliziona muhimu kiasi cha kuzigandisha. Karibu kila mara vichwa viko huko. Panda ukavisome.

Njia nyingine ya kupima ni Ctrl na mshale. Ctrl na mshale wa chini hukurusha hadi seli ya mwisho yenye kitu kabla ya pengo, na wa kulia hivyohivyo. Jedwali likiwa halina pengo, mbofyo mmoja unakufikisha chini kabisa na mwingine unakufikisha upande wa pili. Hayo ndiyo macho yetu katika kazi hii, na ndiyo sababu nalichukulia pengo kwa uzito ambao mwenye macho anaweza kuushangaa.

Nitoe mfano wa kwetu. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkali taa hazivuti, mitumbwi hupumzika, na watu husubiri giza lirudi. Sasa mtunza hazina anayeandika mauzo kila siku, zikifika siku za mbalamwezi huacha mistari mitupu, hata tarehe haandiki. Kwake mapengo hayo yana maana, maana anaona giza moja limeishia wapi na jingine limeanzia wapi. Faili likinifikia mimi, nabonyeza Ctrl na mshale wa chini, nasimama kwenye ukingo wa pengo la kwanza. Kama ni mgeni wa faili hilo nitaamini mauzo yaliishia hapo. Nikibonyeza tena naruka hadi mwanzo wa giza linalofuata, nikibonyeza tena mwisho wake, na siku nikibonyeza nikiwa tayari kwenye mstari wa mwisho natupwa hadi mstari wa 1,048,576. Huo ndio mstari wa mwisho wa laha ya Excel tangu toleo la 2007. Vijana, namba hiyo iwekeni kichwani. Mkiisikia, mmetoka nje ya hesabu. Ctrl na mshale wa juu itawarudisha.

Mtunza hazina mwenye macho naye anaumia kwa mapengo hayo, ila hajui. Akitaka kuchuja au kupanga orodha, Excel hukisia mipaka ya jedwali kwa kuangalia mistari mitupu. Inachukua giza la kwanza, inaacha mengine yote nje, wala haimwambii kitu. Kwa hiyo nawaomba, siku za mbalamwezi andikeni tarehe, wekeni sifuri kwenye safu ya magunia, na kwenye safu ya maelezo andikeni "mbalamwezi". Mapumziko yataonekana kwa macho na yatasikika kwa masikio, na hesabu itabaki kipande kimoja.

Ukishajua kingo, jambo la pili ni vichwa vya safu. Mwenye macho akiwa mstari wa 180 anainua jicho kidogo anaona safu ya E ni "Deni". Mimi nikiwa mstari wa 180 nasikia 35,000, E180. Thelathini na tano elfu ya nini? Kwa NVDA, ambayo ndiyo kisomaskrini ninachotumia, nakwenda kwenye kichwa cha kwanza upande wa kushoto, nashika kitufe cha NVDA pamoja na Shift, nabonyeza C. Kitufe cha NVDA ni Insert, au Caps Lock ukiamua hivyo kwenye mipangilio. Kuanzia hapo, kila nikihama safu nasikia jina lake kwanza: Deni, 35,000, E180. Kama majina ya wateja yako pembeni, naweka vichwa vya mistari kwa njia hiyohiyo ila kwa R badala ya C. Mpangilio huo hukaa ndani ya faili lenyewe ukilihifadhi, na mwenzako anayetumia JAWS, kisomaskrini kingine, akilifungua atavikuta vichwa tayari. Kugandisha mistari hakuleti faida hiyo. Kugandisha kunaviweka vichwa mbele ya macho tu, hakukusomei.

Mengine ya kila siku nitayapitia haraka, maana mchana mtayashika kwa vidole. F2 inakuingiza ndani ya seli ili usikie fomula herufi kwa herufi, na ukimaliza kusikiliza utoke kwa Esc, usitoke kwa Enter, ili usiache ulichokigusa kwa bahati mbaya. Ctrl na Page Down hukupeleka laha inayofuata. F5 hukuuliza unataka kwenda wapi, ukaandika anwani. Ctrl na nukta mkato huandika tarehe ya leo. Ctrl, Shift na L huwasha kichujio, kisha ukiwa juu ya kichwa cha safu, Alt na mshale wa chini hufungua orodha ya kuchagua. Baada ya kuchuja, jumla iwe ya fomula ya SUBTOTAL yenye namba 9, kwa sababu hiyo hujumlisha mistari iliyobaki tu, wakati SUM, fomula ya kawaida ya jumla, inaendelea kujumlisha hata iliyofichwa na kichujio. Na jumla yenyewe mimi naiweka juu, mstari wa pili au wa tatu. Watu wa hesabu hawapendi, wamezoea kuiona chini. Lakini jumla ya juu haihami mizigo ikiongezeka, naifikia kwa mbofyo mmoja, na mwenye faili anaiona pindi anapofungua. Bado sijasikia sababu ya kunishawishi niirudishe chini.

Nataka niseme neno kuhusu kibodi, kwa kuwa wapo wanaodhani ni njia ya kusaidia walemavu iliyobandikwa baadaye. Historia haisemi hivyo. Jedwali la kwanza la hesabu kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, lilitengenezwa na Dan Bricklin na Bob Frankston likauzwa mwaka 1979 kwa kompyuta za Apple II. Halikuwa na kipanya. Ulitembea kwa vitufe, na amri ulizifungua kwa kubonyeza mkwaju, kitufe cha /. Lotus 1-2-3, iliyofuata mwaka 1983 na kuteka maofisi ya dunia, ilifanya hivyohivyo. Excel yenyewe ilianza mwaka 1985 kwenye Macintosh ndipo kipanya kikapata heshima, na bado hadi leo, kwenye Excel ya Windows, ukibonyeza mkwaju bila kuwa unaandika kitu, menyu ya juu inaamka na kukungoja uipe herufi. Desturi ya Lotus imebaki humo. Kwa hiyo kijana asiyeona anayejifunza vitufe anajifunza lugha ambayo programu hizi zilizaliwa nayo, na karani mwenye macho anayevijua vitufe hivyo atamshinda mwenzake wa kipanya kwa kasi.

Sasa ndugu zangu mnaoona, hapa ndipo nawaomba kwa dhati.

Acheni kuunganisha seli ili kichwa kikae katikati. Kichwa kilichotandazwa kutoka B hadi F, kwangu ni kitu kimoja kilichoziba safu tano. Nikitaka kuchagua safu ya C kwa Ctrl na kitufe cha nafasi, Excel inanichagulia zote tano. Mkitaka kupanga orodha yenye seli zilizounganishwa ovyo, inakataa hata kwenu. Ipo njia ya kulipata umbo hilohilo bila kuunganisha: Ctrl na 1, upande wa mpangilio wa maandishi, mchague maandishi yakae katikati ya seli zilizochaguliwa. Macho hayataona tofauti.

Rangi peke yake isibebe habari. Mteja asiyelipa mnampaka nyekundu, aliyelipa kijani. Naweza kuuliza rangi ya seli kwa kitufe cha NVDA na F, lakini nitauliza moja moja, mamia ya seli, na jioni itanikuta hapo. Ongezeni safu inayoitwa "Hali", mwandike "kalipa" au "bado". Rangi ibaki kama mnaipenda. Na wenzetu wenye ualbino, ambao wengi wana uoni hafifu, rangi iliyofifia juu ya nyeupe inawatesa pia.

Namba ziacheni ziwe namba. Mtu anaandika "gunia 12" ndani ya seli moja, au "25,000/=". Kwa Excel hayo ni maneno, na SUM inayapita bila kusema. Anayeona anaweza kushtuka kwa sababu maneno huegemea kushoto na namba huegemea kulia. Mimi sioni kuegemea. Nimejiwekea desturi ya kupima kila safu mpya ya fedha kwa fomula ya ISNUMBER, inayosema kama kilichomo ni namba au sivyo, kabla sijaiamini jumla yoyote, na ningewashauri vijana wafanye hivyo. Lakini ingekuwa heri neno "magunia" likae kwenye kichwa cha safu, na chini yake zikae namba tupu.

Kufunga jedwali kwa nywila ni jambo jema, linalinda fomula. Ila dirisha la kufunga lina kisanduku cha kuruhusu mtumiaji achague seli zilizofungwa. Kisanduku hicho kiacheni kimewekwa alama. Kuna fomu niliyowahi kuletewa na ofisi moja ambayo waliiondoa alama hiyo. Anayeona aliisoma jumla yake bila shida. Mimi sikuweza kuifikia, kwa sababu kishale, yaani alama ya mahali uliposimama, hakiruhusiwi kuingia kwenye seli hizo na kisomaskrini hufuata kishale. Nilikuwa natakiwa kuthibitisha namba ambayo faili lenyewe lilinizuia kuisikia. Hakuna aliyekusudia kunifungia nje, najua. Kisanduku kimoja tu.

Na tafadhali, msitume picha ya jedwali. Picha iliyopigwa kwa simu mbele ya skrini ikatumwa WhatsApp haina seli wala mishale. Tumeni faili.

Kuhusu gharama, kwa sababu najua swali linakuja. JAWS ni programu nzuri ya kulipia na kwa wengi wetu iko mbali. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana na James Teh, wote wawili wasioona, na inagawiwa bure hadi leo kwa sababu waliona si haki asiyeona alipe zaidi ya mwingine ili atumie kompyuta ileile. Unaweza kuibeba kwenye flashi ukaifungua kwenye kompyuta ya ofisi au ya kafe bila kuisakinisha. Ndani yake kuna sauti ya eSpeak, na eSpeak ina Kiswahili. Sauti hiyo ni kavu, sikatai, lakini namba inazitaja kwa Kiswahili na majina ya watu wetu inayatamka ipasavyo. Wanaoacha sauti ya Kiingereza husikia "mauzo" na "mkopo" yamepindishwa hadi wachoke, kisha wanasema programu ni ngumu. Badilisheni sauti kwanza, ipunguzeni mwendo, muwe mnaipandisha kadiri masikio yanavyozoea. Ipo pia pazia ya skrini, inayofanya kioo kiwe cheusi kabisa huku wewe unaendelea na kazi. Kwa anayeshika mishahara na madeni ya watu katika chumba chenye watu wengi, hiyo ni faida ambayo mwenye macho hana.

Nimebakiza jambo la ajira. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na wafanyakazi wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Halmashauri zetu nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwajiri akiniambia hesabu zinahitaji macho, namwomba aniketishe mbele ya faili lake kabla hajaamua. Na vikundi vya wasioona vinavyochukua mkopo, nawasihi, msimkabidhi ndugu anayeona daftari lote kwa sababu tu anaona. Mwanachama anayejua kuzikagua hesabu mwenyewe anaweza kuuliza swali mkutanoni, na akipewa jibu anaweza kulihakiki usiku huohuo. Asiyejua atabaki kuamini anachosomewa. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko kisanduku chochote, kuona watu wenye akili timamu wakipiga kura juu ya fedha zao kwa kusomewa na mtu mmoja.

Nisiwachoshe. Kompyuta ziko mezani upande wa dirishani, NVDA imeshawashwa kwa sauti ya Kiswahili, na kwenye kila moja kuna faili la mauzo ya dagaa nililolitengeneza kwa ajili ya leo. Mabaya yote niliyoyataja nimeyaficha humo: mapengo ya mbalamwezi, kichwa kilichounganishwa, magunia yaliyoandikwa kwa maneno. Watunza hazina mnaoona, kaeni na kijana asiyeona wawili wawili, na ninyi mfumbe macho au mgeuze kiti. Msiguse mshale wa chini bado. Bonyezeni Ctrl na End, kisha Ctrl na Home, halafu mniambie jedwali hilo lina safu ngapi na vichwa vyake viko mstari wa ngapi. Nitapita meza kwa meza.